Jina la Nyotamkia

Miaka ishirini na sita Gawie alisaka nyotamkia mpya katika anga la Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini. Aliyeiona ni mkewe, aliyemletea kahawa akachungulia kidogo kwenye darubini.

"Hiki kiukungu karibu na Msalaba wa Kusini ni nini?"

"Uchafu tu," alijibu, ingawa ramani haikuonyesha kitu pale.

Mke akafuta kioo kwa ncha ya aproni. "Bado kipo, mzee wangu."

Gawie akajaza fomu ya ugunduzi kwa wivu. Kwenye jina la mgunduzi alishusha pumzi: nyotamkia huitwa kwa jina la ukoo la mgunduzi, na yeye na mkewe walitumia moja.

"Wee, usiandike lenu!" mke alisema akicheka. "Andika la baba yangu."

Gawie akaandika lake mwenyewe, akatuma. Mke alikuwa bado anacheka.