Kikombe cha Watu Sitini

Watu kumi na wanne. Mchungaji Elia aliwahesabu mara ya tatu kutoka madhabahuni, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea. Mvua ilikuwa ikipiga bati la kanisa la Kisanga tangu alfajiri, na mabenchi ya nyuma yote yalikuwa matupu.

Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, kilisimama kikombe kilichojaa divai ya watu sitini.

Kosa lilikuwa lake. Asubuhi, katika chumba cha mavazi, mzee wa kanisa Gabrieli aliinamisha chupa, kisha akasita.

"Mchungaji, nipunguze kidogo? Kwa mvua hii watu hawatatoka."

"Jaza kama siku zote."

"Ikipungua si tutaongeza?"

"Nimesema jaza, mzee wangu."

Alijibu kwa ukali kwa sababu aliogopa. Anayeomba divai ipunguzwe ataulizwa sababu, na sababu hiyo aliijua yeye na Mungu wake tu.

Ilianza mwaka juzi, baada ya kumzika mkewe, Winnie. Kwanza yalikuwa mabaki ya kikombe. Kwa desturi ya kanisa lao mabaki hayamwagwi wala hayarudishwi chupani. Kilichobarikiwa, mchungaji hukinywa palepale, mbele ya watu, hadi tone la mwisho. Kisha ikawa chupa yenyewe. Kisha basi la kwenda Mikumi, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi, akae pembeni kati ya madereva wa malori wasiomjua, anywe hadi naye asijijue.

Ushirika huku ni mara moja kwa mwezi. Mwezi uliopita mabaki yalikuwa funda moja. Funda hilo moja lilimfikisha Mikumi kabla ya saa nane mchana, akarudi Jumanne. Tangu Jumanne ile zilipita siku ishirini na sita. Alizivuka kwa magoti, moja baada ya nyingine, kama mtu avukaye mto uliofurika kwa kushika kamba. Wakati mwingine alisali hata sala zikamwishia, akabaki kutaja jina la Yesu tu, huku meno yakigongana.

Leo kikombeni yangebaki mafunda yasiyopungua ishirini.

Mlangoni, kabla ya ibada, alikuwa amekutana na Bibi Editha, kiongozi wa akina mama wa maombi ya Alhamisi.

"Shikamoo, bibi. Umetembea na mvua yote hii?"

"Marahaba, mwanangu. Hata bata wamejifungia ndani, sisi tumekuja." Alikung'uta khanga yake. "Binti yangu Coletha anakusalimu. Yule anayeuza vitunguu stendi ya Mikumi."

Elia alitazama viatu vyake. "Salamu nimezipokea."

"Alhamisi tulifunga kwa ajili yako."

"Mliniombea nini, bibi?"

"Ya Alhamisi hubaki Alhamisi," alisema bibi, akaenda kukaa benchi la mbele.

Sasa maneno ya kubariki yalikuwa yamekwisha kutamkwa, wala hayarudi kinywani. Elia alichovya ncha ya mkate wake divaini, akaumeza bila kutafuna. Hata hivyo utamu ule ulimgusa ulimi, na mwili wake wote ukageuka kuutazama.

Watu walipiga magoti mbele. Alipita akigawa mkate. Gabrieli alimfuata nyuma na kikombe. Elia hakugeuka, asingeweza kukitazama. Alimaliza upesi, akarudi madhabahuni, akapiga magoti, mgongo kwa watu.

Aanguke, ajifanye mgonjwa? Awaambie ukweli? Alifungua kinywa awaambie, akakifumba. Alimkumbuka Bwana bustanini, usiku ule wa jasho, akaona aibu kuomba alivyoomba yeye, kikombe kimwepuke. Yeye alikuwa mtakatifu. Huyu hapa alikuwa mlevi aliyevaa kanzu nyeupe.

"Bwana," alinong'ona, "sina nguvu. Sikuombi uniongezee nilizonazo, maana sina hata kidogo. Nikinywa, leo nitakuwa Mikumi, na safari hii sitarudi. Najijua. Nishike, maana mimi nimeshaachia."

Hakuna kilichojibu ila bati. Nyuma yake mtu alikohoa kama aliyepaliwa. Gabrieli alikuwa akichelewa. Watu kumi na wanne, na mzee alikwenda kana kwamba ana mia.

Hatimaye nyayo zilikaribia. Gabrieli aliweka kikombe mezani, akakifunika kwa kitambaa, akarudi nyuma bila kumtazama usoni.

Elia alisimama. Harufu ilimfikia, na mate yakamjaa kinywani kabla hajayakataza. Alifumba macho. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtu anayenyanyua mzigo mzito, akakiinua.

Kiliruka juu hadi usawa wa paji la uso.

Elia alifumbua macho, akaondoa kitambaa. Ndani ya kikombe hamkuwa na hata tone.

Aligeuka. Watu kumi na wanne walikuwa wameinamisha vichwa, hakuna aliyemtazama. Kwenye benchi la mbele Bibi Editha, ambaye tangu aokoke hajawahi kugusa hata togwa iliyolala ikachacha, alijaribu kusimama kwa ajili ya wimbo wa mwisho, akayumba, akaketi tena, akashikwa na kwikwi.