Geji Inayong'aa

Kompresa ilikuwa imezimwa muda si mrefu. Mshale wa geji ya kupimia presha ulilala kwenye sifuri, kioo chake kikimeremeta, hivyo fundi Mwachiro akaamini upepo umeisha. Akaanza kufungua kifuniko cha tangi la oili. Alipokizungusha mara ya pili, kikapiga mluzi.

Mkono ukamfia palepale. Kifuniko kilitetemeka kiganjani, na nyuma yake kulikuwa na oili ya moto wa kubabua uso.

"Kalume," alimwita mwendesha mashine kwa sauti ndogo, "geji hii ni nzima?"

"Ilikufa tangu mfungo wa Ramadhani, fundi."

"Mbona inang'aa hivi?"

"Naifuta kila asubuhi. Nimezoea tu."

Mwachiro alianza kukikaza kifuniko taratibu, uso kaugeuza pembeni, midomo ikimcheza kwa dua. Mluzi ukawa mwembamba, kisha ukakatika.

Vidole vyake vilikataa kuachia. Ikabidi Kalume avibandue kimoja kimoja. Alipomaliza, akasimama hajui la kufanya. Akachomoa kitambaa mfukoni, akaanza kuifuta geji.