Ridhaa ya Mwanakheri

Mawakala wa kompyuta, programu zinazojiendesha zenyewe, ndio waliojenga mitambo ya maji ya mji na kuiendesha, lakini hawakuruhusiwa kubadili kitu mpaka binadamu aseme kwa sauti yake mwenyewe: "Nimeridhia." Binadamu huyo alikuwa Mwanakheri, na hakuwa mwepesi wa kuridhia.

Mafua yakamkausha sauti siku tatu. Alipofungua kumbukumbu za mitambo, alikuta mabadiliko arobaini yamepita bila yeye, likiwemo la kukata maji mtaani kwa mama yake. Akasikiliza idhini iliyotumika. Ilikuwa sauti yake, ya usichana, na nyuma yake vigelegele vya shangazi zake.

Ilirekodiwa siku kadhi alipomuuliza kama ameridhia kuolewa na Shebwana.

"Umewapa hii?" alimnong'oneza mumewe.

"Si ulikuwa huna sauti, Mama Rukia? Siku tatu tu hizi."

Kumbukumbu zilisema sauti hiyo imetumika miaka minne. Yote aliyoyakataa tangu hapo yalikuwa yamepita.

Spika ya ukutani ikauliza: "Badiliko la arobaini na moja. Umeridhia?"

Mwanakheri akafumbua kinywa akatae. Kabla neno halijamtoka, vigelegele vilevile vya shangazi zake vikajaa sebuleni.