Punje Nyeupe

Agafya alikuwa akiosha mgongo wa marehemu. Kwetu Urali, milimani Urusi, mama haoshi maiti ya mwanawe, huosha jirani.

"Polepole, dada," mama mtu alisema kutoka mlangoni. "Huyo alikuwa mwoga wa maji tangu mdogo."

Kijana aliokotwa msituni asubuhi ile, amepigwa bunduki. Watu walisema ni kazi ya watoro wa gerezani.

Punje ya marisau, zile risasi ndogo za kuwindia ndege, ikatoka jerahani, ikaanguka kiganjani mwa Agafya. Ilikuwa nyeupe, nzito kuliko udogo wake. Platinamu.

Zamani wawindaji wote walijaza bunduki zao platinamu, maana ilikuwa taka tu iliyobaki dhahabu ikishachujwa. Bei ilipopanda, kila nyumba iliuza yake. Mume wa Agafya peke yake alikataa.

"Ndege hajui bei," husema.

Jana alirudi kutoka kuwinda mikono mitupu, akalala bila kula.

"Mbona umeacha kuosha?" mama aliuliza. "Nikuletee taa uone vizuri?"

Agafya alifumba kiganja, akaufunika mgongo kwa shuka.

"Usihangaike, dada. Maji yameshapoa. Mgongo nitaumalizia kesho."