Kinanda Kikinyamaza

Kinanda cha kanisani kilisikika hadi gereji, na Agripina alikisikiliza kuliko alivyomsikiliza fundi. Mpigaji alikuwa mumewe. Kikinyamaza, mume atarudi nyumbani, atakuta nguo zake Agripina hazipo, na atamtafuta na mkanda ule ule aliomchapia jana.

"Dada, gari lako limezeeka mpaka linasahau kupumua," alisema fundi Mashavu. Akachomoa waya wa sensa ya hewa, kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Injini iliyokuwa ikikohoa ikatulia kidogo. "Ahaa! Mchawi ni huyu."

Akazima injini, akatoa sensa nyingine kwenye kopo, akajaza mashavu ili aipulize vumbi, kama mafundi wanavyopuliza kila kitu.

"Usipulize!" Agripina alimziba mdomo kwa kiganja. "Ya mwezi jana uliitemea mate, haikumaliza wiki."

"Haya, mama mkaguzi," fundi akacheka, akaifunga bila kuipuliza.

Agripina akawasha gari. Injini ikanguruma vizuri, na kinanda hakikusikika tena. Kimezidiwa na mngurumo, au kimenyamaza? Akamtazama fundi. Fundi hakuwa akicheka. Macho yake yalimtazama mtu aliyekuwa nyuma ya gari.