Sauti ya Dalali Ukutani

Siku hizi nyumba ya kupanga hutunza ahadi za dalali aliyeionyesha, na kila asubuhi huzirudia kwa sauti yake mpaka azitimize. Nasibu, dalali mwenye ulimi mtamu kuliko wote Kihonda, alilijua hilo. Lakini nani ana muda wa kwenda kusikiliza kuta za wapangaji?

Asubuhi moja alileta mteja nyumba iliyo jirani na ya Mwantumu, naye Mwantumu akamwona. Nasibu ndiye aliyempangisha Mwantumu na mama yake mwaka jana, kisha akaacha kupokea simu zao.

"Karibu chai, kaka," Mwantumu alisema, bila hata kununa.

Nasibu aliingia akijikokota. Paa bado lilivuja. Sufuria ya kukingia maji ilikuwa katikati ya sebule. Bi Sikudhani, mama yake Mwantumu, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, alikaa ameuelekea ukuta, vikombe viwili mbele yake.

Ukuta ukasema kwa sauti ya Nasibu: "Usijali mama, mimi ni kama mwanao. Kesho napita na fundi."

"Haya baba, nakusubiri," bibi alijibu, akamimina chai kwenye kikombe cha pili.

Nasibu akainama mbele ya bibi. "Shikamoo, mama. Ni mimi..."

"Nyamaza kidogo, mgeni. Mwanangu anaongea."

Nasibu alimgeukia Mwantumu. "Fundi namleta leo leo, dada. Naapa."

Mwantumu alimvuta pembeni. "Tafadhali, usimlete," alinong'ona. "Ukuta ukinyamaza, nitamwambia mwanawe kaenda wapi?"