Kijana wa Kwenye Bango

Mkaguzi wa mabango wa jiji alipanda ngazi mbele ya kibanda cha kinyozi, akanyoosha utepe wake wa kupimia. Kichwa cha kijana aliyechorwa kilijaza bango zima, toka nywele hadi kidevu, na bango lilizidi kipimo kwa sentimita ishirini.

"Lipunguze leo, ndugu yangu," alimwambia kinyozi aliyesimama chini. "La sivyo, kesho wanakuja kuling'oa."

"Sawa, mkubwa. Ila ukiwa huko huko juu, mtazame huyo kijana."

Akamtazama. Nywele nyeusi tii, zimejaa, zimechongwa pembeni zikachongeka. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na kovu dogo.

Mkaguzi akajigusa nyusi yake ya kushoto.

"Ulikuja kunyolewa siku ya harusi yako," kinyozi alisema kutoka chini. "Nikamwita mchoraji mbio mbio. Mpaka leo wateja wananiambia, ninyoe kama yule."

Mkaguzi akashuka taratibu, kofia kaikandamiza kichwani. Kinyozi alikuwa ameshashika msumeno.

"Sheria ni sheria. Nikate juu au chini?"

Mkaguzi akavua kofia. Upara ukang'aa juani.

"Kata chini," alisema. "Kidevu bado ninacho."